Piko si hina: maelezo kwa wazazi, maharusi na wapakaji

 

Kila inapokaribia miezi ya harusi, na kila Sikukuu inapobisha hodi, maswali yanayotufikia hapa Malindi kuhusu hina na piko huwa mengi. Zamani karibu yote yalikuwa ya udhu: je, rangi inazuia maji? Sasa yanakuja ya aina nyengine. Kina mama wanauliza kwa nini mkono wa mtoto umevimba pale pale lilipopita ua. Kina baba wanauliza kama wana haki ya kumkataza mke au binti jambo ambalo, kwa maneno yao, bibi zao walilifanya na hawakudhurika. Tumeona tuyajibu yote mahali pamoja. Tutaanza na ngozi, kisha tutakuja kwenye fiqhi, kwa sababu wanavyuoni wametufundisha kuwa hukumu ya kitu haitolewi kabla kitu chenyewe hakijajulikana. Na hapa ndipo penye tatizo letu. Watu wengi wanaouliza hukumu ya piko hawajui piko ni nini.

Hina ya majani

Mhina ni mti wa nyua zetu, Unguja na Pemba. Majani yake huchumwa, hukaushwa, hutwangwa na kuchungwa, kisha hutiwa maji ya ndimu na kuachwa yalale. Ndani ya jani mna kitu kinachotia rangi ambacho wanasayansi wanakiita lawsoni, nacho ni kidogo: kwa kawaida ni kama sehemu moja tu katika mia ya uzito wa jani kavu. Lawsoni hujishika na protini za tabaka la juu kabisa la ngozi, lile lililokwisha kufa na ambalo hupukutika lenyewe siku hadi siku. Kazi hiyo ni ya polepole. Ndiyo maana bibi zetu walifungwa vitambaa mikononi na miguuni wakalala navyo, asubuhi rangi ikatoka ya chungwa, na siku ya pili na ya tatu ikakolea mpaka ikawa damu ya mzee. Baada ya wiki mbili tatu rangi huondoka pamoja na ngozi ile iliyopukutika.

Basi hina inayotoa weusi wa makaa ndani ya nusu saa haikutoka kwenye mhina, au haikutoka kwenye mhina peke yake. Hii ni alama ambayo mzazi yeyote anaweza kuitumia bila ya kuwa na maabara.

Hina ya majani ina heshima yake katika dini. Imepokewa katika vitabu vya Tirmidhi na Ibn Majah kutoka kwa Salma, aliyekuwa akimhudumia Mtume (S.A.W), kwamba hina ilitumika nyumbani kwake kutibu jeraha na mchomo wa mwiba. Wanawake wa Kiislamu wamejipamba nayo tangu zama hizo. Madaktari nao wanakubali kwamba mtu kupata mzio kutokana na hina halisi ni jambo la nadra. Kinachoudhi ngozi mara nyingi ni kile kinachotiwa ndani yake ili ikolee haraka: wapo wanaotia petroli, wapo wanaotia mafuta ya taa au thina ya rangi za mbao. Hata mafuta ya karafuu, ambayo ni fahari ya visiwa vyetu, yakizidi yanaunguza ngozi laini ya mtoto. Matone machache yanatosha kunukisha.

Kuna tahadhari moja ambayo inaihusu hina yenyewe, na tunaomba wazazi wa watoto wachanga waisome mara mbili. Wapo watu waliozaliwa na upungufu wa kimeng'enya kiitwacho G6PD, ambacho kazi yake ni kuzilinda chembe nyekundu za damu. Upungufu huu ni wa kurithi, huwapata zaidi watoto wa kiume, na umeenea khasa katika nchi ambazo malaria imekaa kwa karne nyingi, na pwani yetu ni miongoni mwao. Mwenye upungufu huo huenda akaishi miaka na asijijue. Lakini akipakwa hina mwili mzima, au eneo kubwa, hali yeye ni mchanga na ngozi yake ni nyembamba, lawsoni huingia mwilini na kuzivunja chembe za damu. Madaktari wa nchi za Ghuba na kwengineko wameandika habari za watoto waliofikishwa hospitali wakiwa na manjano, wameishiwa damu, mkojo umekuwa kama chai ya rangi, na wengine walifariki. Vile vidonge vyeupe vya nafthalini tunavyoweka kabatini kufukuza mende na nondo vinaweza kuleta balaa hilo hilo kwa mtoto wa namna hii. Kwa hivyo mtoto mchanga asipakwe hina kabisa. Hakuna Sunna iliyoamrisha apakwe, na akifika umri wa kufurahia mapambo atapakwa mwenyewe akiwa na akili yake.

Piko

Sasa tuje kwenye piko. Wanawake wa Zanzibar wanastahiki sifa kwa jambo moja: wameipa piko jina lake. Katika nchi nyingi kitu hiki kinaitwa hina nyeusi, na mnunuzi anadanganyika tangu kwenye jina. Hapa kwetu kila mpakaji anajua kwamba hina ni nyekundu na piko ni nyeusi, kwamba piko hutumika kuchora mistari na maua, na hina hujaza ndani. Lakini katika mazungumzo tunasema tu kwamba fulani "amekwenda kupakwa hina", na ndani ya neno hilo piko inapita bila ya kuulizwa. Inasafiria heshima ya mhina. Na yule anayesema bibi yake alipakwa na hakudhurika, mara nyingi bibi yake alipakwa majani.

Piko ni dawa ya kutia nywele weusi. Unga wake unauzwa kwenye pakiti ndogo, bei yake ni ya kila mtu, na huchanganywa na maji au na ile dawa ya maji inayokuja pamoja nayo. Kinachotia weusi ndani yake ni kemikali iitwayo parafenilinidiamini, ambayo kwa kifupi huandikwa PPD. Sifa zake za kutia rangi zilielezwa na mkemia wa Kijerumani, August Wilhelm von Hofmann, mwaka 1863, na tangu mwishoni mwa karne ya 19 imekuwa ikitumika kwenye nywele na manyoya. Haitoki kwenye mti wowote. Viwanda huiunda kwa kemikali.

Msomaji atauliza: ikiwa watu wanaitia kichwani miaka yote hiyo, mkono una nini? Nywele ni kitu kilichokwisha kufa, na ngozi iko hai. Dawa ya nywele ikitumiwa kama ilivyoandikwa huchanganywa na kioevu kinachoigeuza haraka kuwa rangi, hukaa muda mfupi, kisha huoshwa. Piko ya mkononi hupakwa nzito, mara nyingi bila ya kioevu kile, ikaachwa mpaka ikauke, na mpakaji hupima kwa jicho. Umoja wa Ulaya umeweka sheria kwamba PPD katika dawa ya nywele, pale inapofika kichwani, isizidi asilimia 2, na kila boksi lazima liwe na maandishi ya kuonya kwamba dawa haikusudiwi kwa walio chini ya miaka 16, na kwamba mtu aliyewahi kuchorwa ile wanayoiita hina nyeusi yumo katika hatari zaidi ya kupata mzio. Marekani nayo haikuruhusu PPD ipakwe kwenye ngozi kwa ajili ya michoro.

Je, kwenye piko huwa mna kiasi gani? Watafiti wa Falme za Kiarabu, nchi yenye harusi zinazofanana na zetu na yenye jamaa zetu wengi, walichukua sampuli 25 za hina na kutangaza matokeo mwaka 2010. Katika hina nyeusi zote walikuta PPD, na katika sampuli moja ilifika asilimia 29.5. Tuipime namba hiyo kwa mizani ya madaktari wenyewe. Daktari wa ngozi anapotaka kujua kama mtu ana mzio wa PPD, humbandika mgongoni kiraka chenye PPD ya asilimia 1 tu, nukta ndogo, tena hospitalini. Mtoto wa miaka saba kwenye baraza ya Sikukuu anaweza kuwa amepakwa mara ishirini na tisa ya kiasi hicho, mikono yote miwili mpaka viwikoni.

Kinachotokea ndani ya ngozi

Hapa ndipo watu wengi wanapokosea, na wanakosea kwa sababu ya kutumia akili ya kawaida. Wanasema: "Mbona mara ya kwanza hakufanya kitu?"

Moto ukikuunguza, unakuunguza hapo hapo. Mzio haufanyi hivyo. PPD ni chembe ndogo sana, hupenya ngozi na kujifunga na protini za mwili. Askari wa mwili wanaikuta, wanaiona kuwa ni mgeni, na wanaiweka katika kumbukumbu yao. Kazi hiyo ya kujifunza huchukua kiasi cha wiki moja hadi mbili, na katika muda huo kwa juu huwa hakuna cha kuonekana. Rangi imetoka nzuri, picha zimepigwa, mambo yamekwisha. Siku mtu huyo atakapopakwa tena, askari wanamjua adui wao. Ndani ya siku moja hadi tatu mkono unawasha, unavimba, unatoa malengelenge, na malengelenge yanafuata mchoro wenyewe, ua kwa ua na jani kwa jani, kana kwamba mtu amechora kwa maji ya moto.

Baba mmoja wa mtaa wetu alitujia baada ya sala ya Ijumaa akiwa na binti yake wa miaka tisa. Mtoto alipakwa Mfunguo Mosi, hakuna kilichotokea. Akapakwa Mfunguo Tatu, na mpakaji na pakiti ni wale wale. Alipotujia, mikono ilikuwa imevimba hata vidole havikunjiki, na nyumbani walikuwa wanamtafuta aliyemtupia jicho. Hatukanushi jicho, jicho ni haki kama ilivyothibiti katika Hadithi. Lakini baina ya Mfunguo Mosi na Mfunguo Tatu kuna karibu siku sabini, na huo ni muda wa kutosha kabisa kwa mwili wa mtoto kujifunza kuichukia PPD. Tulimwambia baba ampeleke hospitali kwanza na ruqya amsomee njiani.

Daktari wa ngozi wa Uholanzi, Anton de Groot, alizipitia tafiti za dunia nzima kuhusu jambo hili na kuchapisha mapitio yake mwaka 2013. Makadirio anayoyataja ni kwamba katika kila watu mia wanaochorwa kwa hina nyeusi, wawili na nusu hivi hupata mzio wa PPD. Ni sawa na mmoja katika arubaini. Mwalimu wa madrasa asimame mbele ya wasichana arubaini waliopambwa kwa Maulidi, kisha ajiulize ni yupi kati yao.

Na mzio huu ukishaingia hauondoki. Kwa kawaida mtu huwa nao umri wake wote. Malengelenge yanapona, lakini kumbukumbu inabaki. Kwa mtoto, mahali palipochorwa pengine hubaki peupe kwa miezi, na kwa mwengine hubaki peusi, na wako wanaoota kovu lililonyanyuka ambalo halishuki tena. Kisha miaka ishirini au thelathini ikipita, mvi zinaanza kuonekana, mwanamke ananunua boksi la dawa ya nywele, na asubuhi anaamka macho yamefumba kwa uvimbe na masikio yanatoka maji. Hakumbuki Sikukuu ile ya utotoni. Baadhi ya nguo zilizotiwa rangi nyeusi, baadhi ya vitu vya mpira na baadhi ya dawa za kupaka za kutia ganzi nazo zinaweza kumsumbua, kwa kuwa kemikali zake ni jamaa ya PPD.

Wako wanaosema: "Basi tutajaribu kidogo nyuma ya mkono kesho yake ndiyo tupake." Ushauri huu una nia njema, lakini hautoshi. Aliyekwisha kuwa na mzio anaweza kuchukua siku mbili tatu kabla ya kuonesha, na ambaye bado hana, jaribio lenyewe linaweza kuwa ndilo linaloufundisha mwili wake. Bibi harusi anayepakwa piko Jumatano kwa harusi ya Ijumaa, kama ni wa kudhurika atadhurika ndani ya fungate. Tumeletewa kesi ya namna hiyo, na kilichotusikitisha zaidi ya mikono yake ni kwamba wifi zake walisema amekuja na maradhi.

Hatukutaka kuwatisha watu kwa habari za mbali, ila habari za Sudan hazifai kufichwa. Nako wanawake hujipamba kwa hina, na nako unga huu uliingia ukachanganywa nayo. Mapema katika miaka ya 1980 madaktari wa Khartoum waliandika kuhusu wagonjwa waliovimba uso na shingo mpaka pumzi ikaziba, wakashindwa figo, na baadhi yao wakafariki. Wengi wa wagonjwa wa namna hiyo, huko na katika nchi nyengine, ni waliouingiza unga tumboni, kwa bahati mbaya au kwa kukusudia. Pakiti ya piko iliyofunguliwa basi isiwekwe jikoni wala kwenye kabati ambalo mtoto anafika, na bakuli la kukorogea lisirudi kwenye vyombo vya chakula.

Aliyekwisha kudhurika afanye nini

Akihisi moto au mwasho wakati piko bado iko mkononi, aioshe papo hapo kwa maji mengi na sabuni, bila ya kungojea ikolee. Mchoro nusu ni bora kuliko kovu zima. Akivimba baadaye, kitambaa kilichoroweshwa maji baridi humpunguzia. Malengelenge yasitumbuliwe. Kisipakwe juu yake kitu chochote cha jikoni, si dawa ya meno, si unga, si mafuta ya taa.

Kisha aende hospitali au kituo cha afya, aseme wazi kwamba amepakwa piko na lini. Wagonjwa wengi wanaona haya kulisema hili, na daktari asiyeambiwa atadhani ni fangasi au ni kuungua. Kwa kawaida atapewa krimu ya steroidi kwa siku maalumu, pengine na vidonge vya kutuliza mwasho, na kama usaha umeingia atapewa dawa yake. Tunasisitiza "siku maalumu" kwa sababu tunaijua tabia yetu. Krimu zile za steroidi, na zile zilizochanganywa dawa tatu ndani ya mrija mmoja, zinanunuliwa madukani bila cheti, mtu akiona zimempoza anaendelea nazo miezi, na akina dada wengine wakigundua kwamba zinaing'arisha ngozi wanazihamishia usoni. Ngozi inakuwa nyembamba kama karatasi ya sambusa. Lile doa lililobaki baada ya piko nalo lisitafutiwe krimu ya kujichubua. Lifunikwe na jua na lipewe muda.

Uso, midomo au macho yakivimba, au pumzi ikiwa nzito, hilo ni jambo la dharura na halingojei asubuhi.

Mwenye kutaka kujua kwa yakini kama ana mzio aonane na daktari wa ngozi. Kipimo cha kiraka mgongoni hukaa saa 48, kisha husomwa, na husomwa tena baada ya siku chache. Wataalamu wa fani hii bado ni wachache kwa nchi yetu. Kule Moshi, katika hospitali ya KCMC, kipo tangu mwaka 1992 kituo cha kufundisha magonjwa ya ngozi kwa ajili ya nchi za kanda hii ya Afrika. Tungependa kuwaona vijana wetu wa visiwani wakienda kusoma fani hii kwa wingi, maana ngozi imedharauliwa. Utafiti uliofanywa kwa watoto 420 wa skuli za msingi Dar es Salaam na kuchapishwa mwaka 2010 ulikuta asilimia 57.3 yao wana tatizo fulani la ngozi. Ni zaidi ya nusu ya darasa. Wazazi wengi tunasema "ni upele tu", na mtoto anajikuna mwaka mzima.

Hukumu yake

Hatuna ugomvi na rangi nyeusi mkononi mwa mwanamke. Wanavyuoni wa baadaye wa madhehebu yetu ya Kishafi wamelizungumza suala la mke kujipamba kwa nakshi na kwa weusi, wakaeleza kuwa yafaa kwa idhini ya mumewe. Kwa hivyo wanaosema piko ni haramu kwa sababu tu ni nyeusi tunawaomba watulie. Nywele ni mlango mwengine: imethibiti katika Sahihi Muslim, katika kisa cha Abu Quhafa, baba yake Abu Bakar, siku ya Ufunguzi wa Makka, kwamba Mtume (S.A.W) aliamrisha mvi zake zibadilishwe na weusi uepukwe, na Imam Nawawi amechukua kauli ya uharamu. Tunaitaja hapa kwa kuwa wako mabwana wanaokuja kutulalamikia piko za wake zao hali ndevu zao zimetiwa weusi kutoka kwenye pakiti ile ile. PPD haimjui mume wala mke.

Suala la piko ni la madhara. Mtume (S.A.W) amekataza mtu kudhuru na kudhuriana, na Hadithi hiyo wanavyuoni wameifanya msingi katika misingi mikuu ya fiqhi. Allah naye ametukataza kujitia wenyewe katika maangamizi. Kutokana na hayo tunasema yafuatayo.

Mwanamke aliyewahi kudhurika kwa piko haijuzu kwake kuirejea, wala haijuzu kwa mume, mama mkwe wala somo kumshikilia apakwe kwa kuwa "harusi bila piko haijakamilika". Ndoa hukamilika kwa walii, mashahidi wawili na maneno ya kuozesha na kukubali. Piko haimo.

Mtoto ni amana. Yeye hawezi kupima hatari, na furaha ya siku mbili haikabiliani na mzio wa miaka sitini. Tunaona kwamba walii anayejua haya kisha akampaka mtoto piko ameivunja amana yake. Asiyekuwa akijua hana lawama kwa yaliyopita.

Mwanamke mzima ambaye hajawahi kudhurika, tunamnasihi aiache, na hatumkalii mlangoni. Ajue tu kwamba salama ya jana si dhamana ya kesho. Hina ya majani iliyokorogwa vizuri na kulazwa usiku kucha inatoa damu ya mzie iliyokoza ya kupendeza bibi harusi yeyote, ila inataka subira na kuanza mapema, siku mbili kabla badala ya saa mbili kabla.

Kwa dada zetu wapakaji, wa mjini na wale wanaokaa fukweni Nungwi na kwengineko wakiwachora wageni, tunajua kwamba hii ni riziki, na wengine wanalea mayatima kwa kalamu hiyo. Riziki yao ni halali katika hina. Lakini anayemwambia mteja "hii ni hina tu, ya asili", hali anajua kuwa ni dawa ya nywele, ameingia katika ghushi, na Mtume (S.A.W) amejitenga na mwenye kughushi. Tena imepokewa katika Hadithi kwamba mwenye kujitia utabibu hali hajulikani kwa utabibu huwa ni dhamini wa anachokiharibu. Mpakaji si tabibu, lakini anaweka kemikali kwenye mwili wa mtu, na hatuoni kwamba mlango wa dhamana umefungwa kwake pale anapoficha. Amwambie mteja kilichomo, amuulize kama amewahi kuvimba kwa piko au kwa dawa ya nywele, na akikataa kuwapaka watoto, Inshaallah hatakosa wateja.

Udhu kwa aliyepakwa na aliyeumia

Rangi iliyobaki kwenye ngozi, ya hina au ya piko, haizuii maji, udhu na josho vinasihi. Kinachozuia ni ule mgando wenyewe uliokauka juu ya ngozi au chini ya kucha. Huo lazima uondolewe kwanza.

Mwenye malengelenge ambaye daktari, au uzoefu wake mwenyewe, umemwambia kwamba maji yatamdhuru, asijilazimishe. Ataosha sehemu nzima za kiungo, na kwa ile sehemu asiyoiosha atatayammamu inapofika zamu ya kiungo hicho katika udhu. Udongo nao ukiwa utaidhuru, mahali hapo hapapangusi. Akiwa amefungwa bandeji na kuifungua kuna madhara, ataipangusa kwa maji juu yake pamoja na tayammamu. Na kwa kuwa mikono ni katika viungo vya tayammamu, kauli mashuhuri kwetu ni kwamba aliyefungwa bandeji mikononi atazirejea sala hizo akipona. Wako wanavyuoni wasioona wajibu wa kurejea, na mwenye kuona uzito akiwafuata hao hatumlaumu.

Wallahu a'lam.